Kuchagua hoteli ukiwa na mzio: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya msafiri mwenye mzio, au aleji, iwe ya vumbi, paka, karanga au kitu kingine. Hayachukui nafasi ya daktari wako: dawa na vipimo vyake ni mambo ya kupanga naye kabla hujafunga begi.

Nianze wapi kutafuta?

Anza na mwili wako, hoteli ifuate. Mwenye mzio wa utitiri wa vumbi na mwenye mzio wa karanga wanatafuta hoteli mbili tofauti kabisa, ingawa wote wawili wataandika "nina aleji" kwenye fomu ya kuhifadhi chumba. Wa kwanza, adui yake yuko godoroni na zuliani. Jikoni wapike watakacho. Wa pili anaweza kulala juu ya zulia kuukuu asipige hata chafya moja, lakini kijiko kilichochovywa katika mabakuli mawili kikamfikisha hospitali.

Kama hujui kwa hakika kinachokusumbua, pima kwanza. Kipimo ni cha damu au cha kuchomwa matone kwenye ngozi. Vidonge vingi vya mzio huvuruga kipimo cha ngozi, kwa hiyo muulize daktari uviache siku ngapi kabla. Ukishajua jina la adui, maswali ya kuiuliza hoteli yanakuwa machache na makali.

Hoteli ya nyota tano si salama zaidi?

Si lazima. Nyota hupima huduma na starehe, hazipimi hewa ya chumbani. Kwa mwenye pumu au mzio wa vumbi, anasa mara nyingi ndiyo tatizo lenyewe: zulia nene, mapazia mazito ya tabaka mbili, mito saba kitandani, maua mabichi mezani na manukato yanayopulizwa ukumbini kuanzia mlangoni. Chumba cha kawaida chenye sakafu ya vigae, kiti cha mbao na pazia jepesi linalofulika kinaweza kukufaa zaidi kwa nusu ya gharama.

Kwenye chakula, hesabu inabadilika. Jiko kubwa huwa na mapishi yaliyoandikwa na watu waliofundishwa, ila pia lina mikono mingi na zamu nyingi, na habari yako inaweza kupotea njiani. Katika nyumba ndogo ya wageni, unayeongea naye mara nyingi ndiye anayepika. Binafsi, kwa mzio mkali wa chakula, ningechagua jiko dogo lenye mpishi anayejibu kwa undani kuliko jiko kubwa lenye mhudumu mwenye tabasamu.

"Chumba cha wenye mzio" maana yake ni nini?

Maana yake ni ile ambayo hoteli yenyewe imeamua. Hakuna kiwango kimoja cha dunia nzima kinachosema chumba kiwe na nini ndipo kiitwe hivyo. Pengine wameondoa zulia, wameweka vifuniko vya godoro na kisafisha hewa. Pengine wamebadilisha mito tu. Zipo alama zinazotolewa baada ya ukaguzi, kama ile ya taasisi ya ECARF ya Berlin, Ujerumani, lakini hoteli nyingi nzuri hazina alama yoyote.

Kwa hiyo usiulize "Mna chumba cha wenye mzio?" Jibu litakuwa "ndiyo", na hutakuwa umejua lolote. Uliza "Chumba hicho kina nini ambacho vingine hakina?" Anayekijua atakuambia: sakafu ni ya mbao, godoro limefunikwa pande zote, shuka zinafuliwa kwa nyuzi 60. Asiyekijua atarudia jina la chumba.

Nina mzio wa vumbi. Niangalie nini hasa?

Mara nyingi tunachokiita mzio wa vumbi ni mzio wa utitiri wanaoishi ndani yake. Ni jamaa wa buibui, wadogo kiasi cha theluthi moja ya milimita au chini ya hapo, hawaumi wala hawang'ati. Chakula chao ni magamba ya ngozi yanayotupukutika usiku na mchana, na kinacholeta chafya na kubanwa kifua ni kinyesi chao hasa. Hawanywi maji, hufyonza unyevu wa hewani. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 50 na kubaki hapo, hawastawi. Ndiyo maana sehemu za juu zenye hewa kavu huwa na utitiri wachache, na ndiyo sababu moja iliyoujengea mji wa Davos, Uswisi, ulio kwenye mita 1,560 hivi juu ya usawa wa bahari, sifa ya kupokea wagonjwa wa pumu.

Kama huwezi kuchagua mlima, chagua kitanda. Mambo matatu yana uzito kuliko mengine yote. Kwanza, sakafu isiyo na zulia. Pili, vifuniko vya godoro na mito vilivyofumwa kwa kubana na kufungwa kwa zipu pande zote. Tatu, matandiko yanayofuliwa kwa maji ya nyuzi 60 za Selsiasi, kwa sababu joto hilo huwaua utitiri, wakati maji baridi huwaosha tu. Ulizia blanketi na duveti kwa majina yake. Shuka hubadilishwa kila mgeni anapoondoka, lakini duveti na kile kitambaa cha kupamba miguuni mwa kitanda huenda vikakaa muda mrefu bila kuguswa na maji. Kitambaa hicho kiondoe mwenyewe ukikiweka kabatini, hakuna atakayekasirika.

Kufagia na kutandika kitanda hurusha vumbi hewani, basi usiingie chumbani mara tu baada ya msafishaji kutoka. Kama wanatumia mashine ya kufyonza vumbi, uliza ina chujio la aina gani. Chujio la HEPA hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3. Mashine isiyo na chujio zuri hunyonya mbele na kupuliza nyuma.

Kuhusu kisafisha hewa, usikilipie zaidi kwa sababu ya utitiri peke yake. Chembe zao ni nzito, hutua upesi baada ya kutibuliwa, na mashine haina cha kunasa. Kwa paka, moshi na chavua kinasaidia zaidi. Pesa hiyo nunulia foronya ya kuzuia utitiri. Ikikunjwa haichukui nafasi, na usiku kucha pua yako iko juu yake, si juu ya mashine.

Nikatae mito ya manyoya?

Ndivyo wengi wanavyoshauriwa, lakini ushahidi si mwepesi hivyo. Tafiti zilizolinganisha mito zimewahi kukuta vichochezi vya mzio vitokanavyo na utitiri vingi zaidi kwenye mito ya nyuzi za viwandani kuliko ya manyoya, pengine kwa sababu kitambaa cha kuzuia manyoya yasichomoke hufumwa kwa kubana sana, hata utitiri wasipenye kirahisi. Wenye mzio wa manyoya yenyewe wapo, ila ni wachache. Uliza mto una umri gani na una kifuniko gani; kilichomo ndani ni swali la baadaye.

Hoteli hairuhusu wanyama. Nina mzio wa paka, nimesalimika?

Umesogea karibu na usalama, hujafika. Protini kuu ya mzio wa paka, iitwayo Fel d 1, hutoka kwenye mate na tezi za ngozi yake. Hukaa kwenye chembe ndogo zinazoelea hewani kwa saa nyingi, na hunata kwenye nguo, kwa hiyo mgeni aliyekutangulia anaweza kuileta kwenye sweta lake bila kuwa na paka. Hata nyumbani, paka akishaondoka, huchukua miezi kabla kiwango hakijashuka kufikia cha nyumba isiyofuga.

Kwa hiyo katika hoteli inayoruhusu wanyama, kusafisha jana hakutoshi. Swali la kuuliza ni "Je, chumba hiki huwa kinapewa wageni wenye wanyama?" Hoteli iliyojipanga huwatengea sakafu yao. Na hata isiyoruhusu, kuna mbwa wasiokatazwa. Nchini Marekani, kwa mfano, sheria ya haki za watu wenye ulemavu haikubali mzio wa mgeni mwingine uwe sababu ya kumkatalia mtu mbwa wake wa huduma. Hoteli inatakiwa iwahudumie wote wawili, kwa kawaida kwa kuwaweka mbali. Haki yake ya kulala hapo ni sawa na yako, basi omba chumba kingine, usiombe aondolewe.

Nitajuaje kama chumba kina kuvu?

Pua hukwambia kabla ya macho. Ukifungua mlango ukapokewa na uvundo kama wa nguo zilizoanikwa zikakosa jua, amini pua. Kisha tazama dari ya bafu, mistari kati ya vigae, nyuma ya pazia upande wa ukuta wa nje, na matundu ya kiyoyozi. Zulia lililolowa huanza kuota kuvu ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo chumba kilichovujiwa juzi na kukaushwa kwa feni leo si chumba chako.

Wakati wa kuhifadhi, epuka vyumba vya chini ya ardhi na vilivyo jirani na bwawa la ndani. Omba bafu lenye dirisha au feni ya kutoa mvuke. Mahali penye joto na unyevu, chumba kitupu mara nyingi huzimiwa kiyoyozi ili kuokoa umeme. Waombe wakiwashe saa kadhaa kabla hujafika.

Nilale dirisha wazi au kiyoyozi?

Kwa mzio wa chavua, funga dirisha, washa kiyoyozi kwenye mzunguko wa hewa ya ndani, na uoge pamoja na nywele kabla ya kulala. Siku ya radi katika msimu wa chavua, usitoke bila sababu. Tarehe 21 Novemba 2016 dhoruba ya radi ilipita Melbourne, Australia, wakati nyasi zinachanua; maelfu walikimbilia hospitali kwa kubanwa kifua na watu 10 walikufa. Kati yao waliokimbilia hospitali walikuwepo ambao hawakuwahi kuambiwa kuwa wana pumu.

Kama kichochezi chako ni kuvu au harufu ya ndani na nje hakuna chavua, fanya kinyume: fungua.

Harufu za manukato na moshi zinanikaba. Huo nao ni mzio?

Mara nyingi si mzio kwa maana ya kitabibu, ni njia ya hewa kukereketwa. Kifua hakijali tofauti hiyo, nawe usiache kudai hewa safi kwa sababu ya jina.

Omba kwa maandishi kwamba chumba kisipulizwe dawa ya kunukisha na kisafishwe kwa sabuni isiyo na manukato. Epuka chumba kilichopakwa rangi au kutandikwa zulia jipya karibuni. "Vyumba vyetu vimekarabatiwa mwezi huu" ni tangazo zuri kwa wengine, si kwako. Kuhusu sigara, tafuta hoteli isiyoruhusu kuvuta popote ndani, maana mabaki ya moshi hukaa kwenye mapazia na kuta, na mlango haukizuii kilichoko ujiani. Uliza pia kama huondoa harufu kwa mashine ya ozoni. Ozoni yenyewe huchokoza mapafu, na chumba kinapaswa kupitishwa hewa vizuri kabla mtu hajaingia.

Mpishi akisema "usijali", nifanye nini?

Jali. Hilo ndilo jibu baya kuliko yote, baya hata kuliko "hatuwezi kukuhakikishia", kwa sababu la pili limefikiriwa.

Jibu la mtu anayejua kazi huanza na swali: ni karanga tu au na korosho? Hata chembe, au ukila yenyewe? Kisha huenda jikoni kusoma lebo. Nawe muulize: mafuta ya kukaangia yanatumika kwa vyakula vingine? Nani yuko zamu ya asubuhi? Habari yangu inatokaje kwa mhudumu hadi kwa anayepakua?

Swali la mafuta si la kupoteza muda. Moto wa karai hauondoi protini ya samaki au ngano iliyokaangwa kabla yako. Viazi vitupu vikipita humo hutoka na vyote. Vivyo hivyo mikono: dawa ya mikono ya jeli huua vijidudu lakini haiondoi protini ya karanga. Maji na sabuni ndivyo vinavyoiondoa.

Beba kadi fupi iliyoandikwa kwa lugha ya unakokwenda, ikitaja usichoweza kula, namna kinavyojificha kwenye mchuzi, unga na mafuta, na kwamba kijiko au sufuria iliyokigusa pia ni hatari. Iandikwe au ikaguliwe na mzungumzaji wa lugha hiyo. Programu za kutafsiri huweza kuchanganya majina ya njugu na kokwa, na hapo ndipo usipotaka kosa. Picha ya kitu chenyewe pembeni inasaidia.

Na bufe ya asubuhi?

Ndipo mahali pa hatari zaidi katika hoteli nzima, na ndipo watu hawapaogopi, kwa kuwa ni mkate na matunda tu. Vijiko huhama kutoka bakuli hadi bakuli, wageni hudondosha, lebo husogezwa. Mpishi mkuu uliyeongea naye jana usiku huenda amelala. Omba uletewe sahani yako kutoka jikoni, au upakuliwe kutoka vyombo vipya kabla milango haijafunguliwa. Wakikataa, nunua kifungua kinywa chenye lebo mahali pengine. Ukiweza kuhifadhi chumba bila kulipia kifungua kinywa, utakuwa umebaki na uhuru wako.

Sheria inanilinda?

Inategemea uko wapi. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni namba 1169/2011, inayotumika tangu Desemba 2014, inadai wauzaji wa chakula, zikiwemo hoteli, watoe taarifa za vichochezi 14 vya mzio hata kwa chakula kisichofungashwa. Uingereza ina utaratibu kama huo, na tangu tarehe 1 Oktoba 2021 chakula kinachofungashwa hapo hapo kinapouzwa lazima kiwe na orodha kamili ya viungo. Marekani inataja vichochezi vikuu 9, ufuta ukiwa umeongezwa kuanzia Januari 2023, lakini sheria hiyo ya shirikisho inahusu lebo za vyakula vilivyofungashwa, si sahani ya mgahawa. Orodha nazo hazilingani: haradali na seleri zimo kwenye ya Ulaya, hazimo kwenye ya Marekani. Mwenye mzio wa haradali akizoea lebo za upande mmoja ataumbuka upande wa pili.

Chumba chenye jiko si suluhisho?

Kwa mzio mkali wa chakula, ni suluhisho bora kuliko mengine yote, ukilichukulia kuwa jiko la mtu mwingine. Osha kila chombo kabla ya kukitumia mara ya kwanza. Sponji iliyopo itupe, nunua yako. Mbao za kukatia, miiko ya mbao na vikaango vilivyochanikachanika viache. Kikaango kimoja kidogo kutoka nyumbani kinamaliza wasiwasi mwingi.

Nyuki na nyigu?

Omba ghorofa ya juu, mbali na bustani, bwawa na mapipa ya taka. Kinywaji cha kopo ukiwa nje, kimimine kwenye glasi uone kilichomo.

Ngozi yangu haipatani na sabuni za hoteli.

Beba yako. Vile vyombo vikubwa vya ukutani mara nyingi havionyeshi viungo, na hakuna namna ya kujua vilijazwa nini. Foronya na taulo la uso ubebe pia, kama sabuni ya kufulia ndiyo inayokuwasha. Wenye mzio wa lateksi, yaani mpira wa asili, waulize jikoni wanavaa glavu gani, na wakumbuke kwamba baadhi yao hudhuriwa pia na ndizi, parachichi na kiwi.

Nimpigie nani, na saa ngapi?

Piga hotelini moja kwa moja. Kisanduku cha "maombi maalumu" kwenye tovuti za kuhifadhi vyumba ni ombi, si ahadi. Mambo ya chumba, omba msimamizi wa usafi wa vyumba. Ya chakula, mpishi mkuu. Wakati mzuri ni katikati ya mchana na jioni, chakula cha mchana kikiwa kimeisha na cha usiku hakijaanza. Kisha andika barua pepe: "Kama tulivyozungumza, nitapewa chumba kisicho na zulia, kisichopewa wageni wenye wanyama, na hakitapulizwa manukato. Tafadhali thibitisha." Jibu lake lihifadhi kwenye simu, maana utakayemkuta mapokezi usiku si yule uliyeongea naye.

Nimefika, chumba si kile nilichoahidiwa.

Usifungue begi. Kagua dakika chache, kaa, vuta hewa, halafu rudi mapokezi na ile barua pepe. Chumba ambacho hujakigusa hubadilishwa kirahisi. Ambacho umeshaoga ndani yake huleta mabishano. Kwa sababu hiyo hiyo, malipo yanayoweza kurudishwa yanastahili nyongeza yake kidogo.

Sindano ya adrenalini, ile ya dharura ya mzio mkali, niiweke wapi, na hospitali?

Zibebe mbili, kwenye begi la mkononi. Hutunzwa kwenye joto la kawaida la chumba, nyuzi 20 hadi 25: si kwenye friji ndogo, si dirishani, si ndani ya gari lililoegeshwa juani. Usiku ziwe mezani kando ya kitanda, si kwenye sefu yenye namba. Waambie mapokezi una mzio gani na uko chumba kipi. Kabla ya kulipia hoteli, jua hospitali ya dharura iliyo karibu iko wapi na gari la wagonjwa hufikaje. Mandhari nzuri mwisho wa barabara mbovu ina gharama ambayo haiko kwenye ankara.

Dalili kali zikija, sindano huchomwa upande wa nje wa paja, hata juu ya nguo. Kisha lala miguu ikiwa juu, au keti kama kupumua ni shida, na usisimame ghafla. Nafuu isipopatikana baada ya dakika 5 hadi 15, ya pili hutumika. Vidonge vya mzio havichukui nafasi yake. Na hospitali unakwenda hata ukijisikia vizuri, kwa kuwa dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Hoteli inataka nisaini karatasi kwamba haitawajibika nikidhurika na chakula. Nisaini?

Isome kwanza, kisha angalia imekuja na nini. Ikiletwa na mpishi aliyekueleza karai lipi linatumika kwa nini na wapi hawezi kukuhakikishia, ni uangalifu wa watu wakweli, na unaweza kuchagua vyakula ukijua mipaka yao. Uzito wake kisheria hutofautiana nchi hadi nchi. Ikiwa karatasi ndiyo jibu pekee ulilopewa, lala hapo ukitaka, ila chakula kula kwingine.